Duka la viraka Magomeni: sare zangu zote sasa ni shuka moja na foronya zake

Jamani niwaambie kuhusu hili duka, maana kila mgeni anayeingia chumbani kwangu swali ni moja tu, shuka umenunua wapi. Sijanunua, nimeshonewa, tena kwa nguo zangu mwenyewe.

Iko hivi. Wanawake wa Dar tunajuana na sare. Kichen pati sare, sendofu sare, harusi yenyewe sare, arobaini ya mtoto sare, unavaa mara moja picha zinapigwa na mwezi unaofuata shoga mwingine naye ana shughuli na kitenge chake. Mimi nilikuwa na shangazi kaja zima limejaa, gauni 19 nilizihesabu, nyingine hata hazinipiti tena ila kugawa roho ilikuwa inakataa kwa sababu kila moja ina mtu wake. Jirani akaniambia kuna mama anashona viraka Magomeni, anaunganisha vipande vya nguo zako vinakuwa shuka, nenda.

Unashuka mwendokasi kituo cha Mapipa, unaingia ndani mtaani kwa mguu, duka halina bango ila utaliona kwa mashuka yaliyoanikwa kibarazani. Ndani padogo, cherehani mbili za kukanyaga, meza ya kukatia, na vipande vimepangwa kwa rangi mpaka darini. Vingi ni mabaki ya mafundi wa jirani, wanamletea kwa viroba.

Nikamwamkia shikamoo, marahaba mwanangu, na kabla hata ya kutaja bei akamwaga gauni zangu zote kwenye mkeka akaanza kuuliza moja moja, hii ya nani? Nikawa namwambia, hii sendofu ya rafiki yangu wa chuo, hii arobaini ya mtoto wa kaka, hii khanga tulivaa msibani kwa bibi, na yeye anaandika kwa chaki upande wa ndani. Tulikaa kama saa nzima kwa hilo tu.

Halafu akafanya kitu ambacho fundi mwingine yeyote sijawahi kumwona anafanya. Akachomoa uzi kwenye kila gauni akauwasha kiberiti. Ukiungua kama karatasi ukaacha jivu laini, hiyo pamba. Ukijikunja ukaacha kidonge kigumu, hiyo poliesta. Gauni 7 zikawekwa pembeni, akanieleza kwamba pamba ikifuliwa inasinyaa na poliesta haisinyai, ukizishona pamoja baada ya kufua mara mbili tatu shuka linakunjamana lote, na pasi ya kunyoosha pamba inaweza kuiyeyusha poliesta. Hizo 7 zikawa foronya. Kuna kitenge chekundu alikilowesha kona akakibana kwenye kitambaa cheupe, rangi ikatoka palepale, akanirudishia, kakifue peke yake mpaka maji yatoke meupe ndo ulete. Nilifua mara nne.

Sasa kilichonifanya niandike hapa ni hawa marafiki zake. Wako wanne pamoja na yeye, Alhamisi wanakaa wote mkekani. Mmoja amestaafu kiwanda cha Urafiki pale Ubungo, kile kilichofunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina, na huyo ndo aliyemfundisha mwenye duka kujua kitambaa kwa vidole, anakishika tu anakwambia kama kitatoa vinyuzi. Mwingine asubuhi anauza vitumbua, mchana anapiga bandi, yaani anashona kwa mkono, mkono wake umenyooka kuliko mashine. Wa tatu alikuja kama mteja miaka hiyo akabaki. Wanacheza mchezo wa kupeana hela kwa zamu, na cherehani ya pili ilinunuliwa siku zamu ya mwenye duka ilipofika. Alipougua akalala ndani miezi kadhaa hawa watatu walifungua duka kwa zamu na hela ya kila siku wakampelekea kitandani. Alinisimulia hayo huku anakata, hata kichwa hakuinua.

Na wanabishana kweli! Khanga ya bibi ina jina JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Mstaafu wa Urafiki alitaka pindo likatwe lizunguke shuka zima kama fremu, mwenye duka akakataa katakata, jina halikatwi, mtu akikata jina amekata maneno ya marehemu. Wakavutana mpaka chai ikapoa. Binti wa mmoja wao akatoa simu akawaonyesha blanketi za akina mama weusi wa Gee's Bend kule Alabama Marekani, wanashona kwa nguo za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 zikatundikwa makumbusho ya Houston halafu makumbusho ya Whitney pale New York. Wote wanne wakainamia kioo kimya. Mle kwenye picha jinzi za shamba zimeachwa na alama za magoti zilivyopauka. Mstaafu akasema basi, liache zima. Ndo maana jina la khanga ya bibi limekaa upande wa kichwani, refu lote, herufi hazijaguswa.

Shuka ni tano kwa sita, ndani, kati ya kitambaa cha juu na cha chini, ameweka shuka kuukuu badala ya blanketi kwa sababu ya joto letu, kwa hiyo hata Februari nalilalia. Nililipa 180,000 na foronya humo humo.

Lawama ninayo. Aliniambia wiki tatu ikawa sita, na wiki ya nne nilipiga simu siku mbili haipokelewi, nilikereka sana maana nilimwachia vitu ambavyo havinunuliki tena. Angetuma hata meseji moja. Na nilipofua mara ya kwanza mshono wa pembeni ukaachia, nikarudisha, mama wa vitumbua akaurudia kwa mkono nikiwa nimekaa hapohapo, bila malipo, na akakagua pande zote nne kabla hajanikabidhi.

Ukienda nenda Alhamisi baada ya alasiri uwakute wote. Nguo zifue kwanza, chafu hapokei. Na ujue kila moja ni ya nani, maana atauliza.