Little Five Points, Atlanta: acha gari, shuka na treni

Mara ya kwanza nilikwenda kwa gari, na nusura nisirudi tena. Nilizunguka karibu nusu saa nikitafuta pa kuegesha, nikaishia kwenye maegesho ya kulipia ambako mashine ilimeza dola 10 zangu bila kunipa risiti. Mtaa huu haukujengwa kwa ajili ya gari. Tangu hapo nimerudi mara tatu kwa treni, na kila mara nimezidi kuupenda.

Shukia kituo cha Inman Park/Reynoldstown. Jirani hapo, kwenye Edgewood Avenue, bado lipo banda la mbao la tramu la mwaka 1889. Siku hizi hukodishwa kwa harusi. Joel Hurt alikuwa akipima na kuuza viwanja vya Inman Park, mashariki ya jiji, naye alijua hakuna atakayehamia huko bila usafiri. Akatandika reli kutoka katikati ya Atlanta, na Agosti mwaka huohuo ikaanza tramu ya kwanza ya umeme jijini. Baadaye njia za tramu zikakutana mbele kidogo, palipo Little Five Points leo, na pale abiria waliposhuka ndipo wafanyabiashara walipofungua maduka.

Panda na Euclid Avenue polepole mpaka uyafikie maduka hayo. Mimi ni fundi cherehani, macho yangu hupima kila kitu. Fremu za maduka ni nyembamba, zimebanana ukuta kwa ukuta, na vioo vyake vimesogea hadi ukingoni mwa njia ya miguu. Kila mwenye duka alitaka mlango karibu na kituo, basi wakagawana upana. Mteja aliteremka, akapiga hatua tano, yuko dukani. Tramu zilikoma mwaka 1949, lakini hata leo unatoka mlango huu unaingia ule bila kuchoka. Maduka ya kisasa yaliyozungukwa na bahari ya lami hayawezi kukupa raha hiyo.

Kwa santuri nenda Wax 'n' Facts, ipo tangu 1976. Junkman's Daughter ni pakubwa, pana mavazi ya kila rangi, nami hupotelea humo. The Vortex, baa ya baga, utaitambua tu: unaingilia kwenye mdomo wa fuvu kubwa. Variety Playhouse, ukumbi wa muziki, ulifunguliwa mwaka 1940 ukiwa sinema.

Mitumba ni ghali. Koti la sufu nililonunua kwenye duka moja kwa dola 38 lilikuwa limechanika bitana kwapani, na muuzaji hakunitajia. Nimelishona mwenyewe na ninalivaa, ila chunguza mishono kabla hujalipa. Vyoo navyo ni shida kama hujaketi mahali kula.

Kabla ya kuondoka pitia Freedom Park. Serikali ya jimbo ilibomoa mamia ya nyumba hapo miaka ya 1960 ili ipitishe barabara kuu, na maduka ya jirani yakadorora. Wakazi walipambana mpaka mradi ule ukafutwa. Mimi hukaa kwenye nyasi zile na mfuko wangu wa vitambaa nikishukuru ukaidi wao.

Nyota nne kati ya tano. Nenda Jumamosi kabla ya saa sita mchana, umati haujajaa na wauza santuri wana nafasi ya kuzungumza nawe.