Kikokotoo cha Casio fx-82ES PLUS mbele ya namba kubwa

Kwa mwanafunzi wa S.5 (kidato cha tano) au mwalimu wa hesabu hapa Uganda, thamani ya kikokotoo hiki iko kwenye FACT, kazi inayovunja namba nzima kuwa vigawo vyake tasa. fx-82MS, modeli nyingine ya Casio, haina. Ukiwa bado dukani Kampala, andika 4294967297, bonyeza =, kisha SHIFT na kitufe cha digrii, dakika na sekunde. Kioo kinatoa 641 × (6700417). Kigawo hicho cha 641 mwanahisabati Euler alikipata mwaka 1732, bila mashine!

Mabano ndiyo yanayowapotosha wengi. Hayasemi kwamba 6700417 ni tasa. Yanasema kikokotoo kimeishia kwenye vigawo vya tarakimu tatu. Kazi iliyobaki ni yako, na ni tamu: kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589, na kila kigawo tasa cha 2³² + 1, yaani 4294967297, huacha baki 1 ukikigawa kwa 128. Kati ya 1000 na 2589, namba tasa za aina hiyo ni 1153 na 1409 tu. Zijaribu: ukigawa 6700417 kwazo, baki ni 334 na 622. Sasa ndiyo unaweza kuandika kwamba ni tasa.

Udhaifu mwingine ni kioo cha tarakimu kumi. 2⁴⁰ huonekana 1.099511628×10¹², mkia umekatwa. Lakini ndani zimehifadhiwa tarakimu 15, basi toa 1099000000000 upate 511627776. Jibu kamili: 1099511627776. Zaidi ya tarakimu 15, shika kalamu.