Avebury na mbwa: nimempeleka Tomi, mwenye mbwa asome kabla hajaenda

Wenye mbwa mlioko Uingereza, kama mnapanga kwenda kwenye mawe ya kale ya Stonehenge na mbwa wenu msijisumbue, pale hawaingii, wanaruhusu wale wa kusaidia watu wenye ulemavu tu. Mimi sikutaka kumwacha Tomi peke yake nyumbani kutwa nzima kwa hiyo tukaenda Avebury, kijiji chenye duara la mawe ya kale, iko mkoa huohuo wa Wiltshire, na kiukweli sijutii hata kidogo.

Kuingia kwenye duara la mawe ni bure, unacholipia ni paking, na wanachama wa National Trust (shirika linalotunza eneo hili) hata hiyo hawalipi. Mbwa ruksa ila awe kwenye kamba muda wote, tena kamba fupi. Hapo kwenye kamba nasisitiza kwa sababu kuna kondoo jamani. Wanakula majani humohumo katikati ya mawe, unazunguka jiwe unamkuta mmoja kajilaza kivulini. Tomi amekulia ghorofani, kondoo alikuwa hamjui, alivyomwona wa kwanza akavuta mpaka bega likaniuma, nikamkalisha, nikampa kipande cha kuku, tukasubiri hapohapo kama dakika kumi ndo akatulia. Kwa hiyo beba vinyama mfukoni na ile kamba ya kujirefusha iache nyumbani, mbwa akikimbiza kondoo huku ni kosa kisheria na mwenye mbwa ndo anabebeshwa. Halafu mavi ya kondoo yapo kila mahali, Tomi alitaka kuyala, nilikuwa namvuta kila baada ya hatua tatu.

Sasa mawe yenyewe. Stonehenge watu wengi wanayaangalia kwa mbali, hapa unayashika kwa mkono wako. Duara la nje lina upana wa zaidi ya mita 300, ndo kubwa kuliko maduara yote ya mawe duniani, limekaa zaidi ya miaka 4,000, na kijiji kimejengwa ndani yake kabisa, kuna baa, kuna nyumba za watu, barabara ya magari inakatiza katikati (kamba tena hapo). Mawe mengi yalikuwa yameanguka au yamefukiwa, Alexander Keiller, ambaye familia yake ilitajirika kwa jemu ya machungwa, ndo aliyasimamisha upya miaka ya 1930. Mwaka 1938 chini ya jiwe moja wakakuta mifupa ya mwanaume, pembeni yake mkasi na sarafu za karne ya 14, ndo maana linaitwa jiwe la kinyozi. Nilikaa pale muda mrefu sana, Tomi kalala juu ya viatu vyangu, nikawa namuwaza yule mtu alikuwa anatoka wapi, na kama kuna aliyemsubiri kwao.

Ndani ya Avebury Manor, jumba la zamani la hapo kijijini, mbwa haingii, likiwa wazi na mko wawili mpokezane. Ukiwa na nguvu fuata West Kennet Avenue, njia ya mawe pande mbili, Tomi aliipenda kuliko kote. Yale matuta ya udongo kuzunguka duara yana mteremko mkali na mvua ikinyesha yanateleza vibaya, vaa buti. Beba bakuli na maji yake.

Tulivyorudi nilimkagua manyoya nikamtoa kupe mmoja nyuma ya sikio. Nyota tano, na tutarudi siku ya kazi asubuhi mapema, watu wakiwa wachache.