Msambazaji wangu wa dawa: karatasi safi, barafu imeyeyuka

Nina famasi ndogo Wete, kisiwani Pemba, na dawa nyingi nachukua kwa msambazaji mmoja wa mjini Unguja. Jina lake silitaji, biashara hii tunajuana sote na sitaki ugomvi. Lakini wenzangu wa Chake na Konde wananiuliza kila siku wapi pa kuagiza, basi haya ndiyo yangu.

Nianze na bei, maana ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ni ghali. Amoksilini ile ile utaipata kwa watu wa mkoba, wale wanaopita dukani na begi mgongoni, kwa bei ya kutia tamaa. Ila mtu wa mkoba hana ankara, na ukimuuliza dawa yake imesajiliwa wapi anacheka. Ankara ya huyu wangu ina jina halisi la dawa, mtengenezaji, namba ya toleo (yaani kundi la dawa lililotengenezwa pamoja) na tarehe ya kuisha, mstari kwa mstari. Mkaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa akiingia ghafla, mie natoa faili tu na kuendelea kuhudumia wateja. Toleo likitakiwa kuondolewa sokoni hupiga simu wenyewe, wakakutajia na idadi uliyochukua.

Kuuza nako ni wagumu. Kibali changu kilipokuwa kinakaribia kuisha, kijana wao wa mauzo aliniambia waziwazi: "Dada, bila nakala ya kibali kipya, dawa za cheti sikufungii." Nilinuna, sikatai. Lakini ndiyo maana nawaamini. Anayekuuzia tramadol, dawa kali ya maumivu, bila kukuuliza wewe nani, kwake naye dawa imetoka kwa mtu asiyeulizwa.

Sasa yanayonikera. La kwanza ni jibu la "hiyo haipo." Unaagiza dawa kumi, zinakuja sita. Nilikuwa nikidhani ni uvivu, hadi yule kijana aliponieleza. Afya si jambo la Muungano. Sisi tuna wizara yetu, tuna sheria yetu ya dawa ya mwaka 2006, tuna wakala wetu, na hata kwenye mpango wa Afrika Mashariki wa kuoanisha usajili wa dawa Zanzibar inakaa na wakala wake, Bara na mamlaka yake. Kwa hiyo dawa iliyosajiliwa Dar es Salaam haipandi boti ikawa halali ikifika Malindi, bandarini Unguja. Kiwanda kinatakiwa kilete maombi yake huku, kilipe na ada, kwa ajili ya soko la visiwa viwili. Vingi vinaona hailipi. Miongozo ya tiba nayo haikuwa sawa: kwa malaria Zanzibar ilichukua artesunate na amodiaquine tangu 2003, Bara wakaingia ALu (artemether na lumefantrine) mwaka 2006. Msambazaji anayetegemea mzigo wa Dar hapo anafanya nini? Wa mkoba hana shida hiyo, analeta chochote. Na mteja akikosa kwangu anakwenda kwa aliyenunua kwa wa mkoba. Wakaguzi wanaonigonga mie kila mara wangesimama na pale bandarini mabegi yanaposhuka.

La pili ndilo kubwa, nalo ni insulini.

Stoo yao Unguja nimeiona kwa macho yangu. Ina kiyoyozi, friji zina kipimajoto, na daftari la joto linajazwa asubuhi na jioni. Yote hayo mwisho wake Malindi. Pale sanduku linapakiwa kwenye boti kama mzigo mwengine, linashuka bandari ya Mkoani, huku Pemba, linasubiri gari ya abiria ya Wete. Msimu wa kusi boti ikichelewa au ikiahirishwa, sanduku linalala popote linapolala. Insulini inataka nyuzi 2 hadi 8, na kamwe isigande.

Mzigo wa karibuni niliufungulia kaunta, mbele ya mteja aliyekuwa akiungojea. Boksi za juu zilikuwa zimelowa, lebo zikibanduka ukizigusa, maji ya barafu ya vuguvugu chini ya sanduku. Za pembeni zilikuwa zimebanana na pakiti ya barafu iliyowekwa bila hata kipande cha karatasi katikati. Hizo huenda ziliganda njiani kabla ya kulowa. Insulini ikishaganda imekwisha, hata ikiyeyuka ikaonekana safi kama maji. Kipimajoto hakuna, kwa hiyo hakuna wa kusema. Nimepiga simu, naambiwa, "Dada, sisi tumeitoa ikiwa na barafu mpya." Namwamini. Swali langu lilikuwa imefikaje, si imetokaje. Nilikataa kuipokea, nikamwelekeza yule baba hospitali ya Wete ajaribu bahati yake. Pesa walirudisha, kwa kupunguza kwenye ankara iliyofuata, bila kelele.

Niwe mkweli kwao: kufungua stoo Pemba si kuweka rafu. Inataka kibali chake, mfamasia wake, na jenereta ya umeme ukikatika, na biashara yetu sote huku pengine haifikii mauzo ya mtaa mmoja wa Darajani. Lakini kama sharti ni dawa ilindwe mpaka inamfikia mwenye duka, basi Mkoani na barabara yake ni sehemu ya sharti.

Vidonge, dripu na dawa za ngozi nitaendelea kuchukua kwao, na nakushauri na wewe. Kagua tarehe tu, maana wakati mwengine hukuletea zilizobakiwa na miezi michache. Insulini nimewaambia sipokei tena mpaka waweke kinasa joto ndani ya sanduku na mtu wao wa kulipokea Mkoani. Wamenijibu gharama hiyo itaingia kwenye bei. Nimewaambia sawa, lakini waiandike kwenye ankara mstari wake peke yake.