Shule ya uuguzi ya kibiashara: mlezi analipia nini hasa?

Shule ninayoitathmini hapa ni mali ya mtu binafsi, inafundisha uuguzi na ukunga kwa ngazi ya cheti na diploma, na iko kandokando ya barabara kuu itokayo Kampala kwenda Gulu. Mpwa wangu, aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu masomo yake ya sayansi, alipewa nafasi ya kusomea cheti cha uuguzi, nami kwa kuwa ndiye nitakayelipa karo niliona ni wajibu wangu kuichunguza kabla ya kutoa shilingi hata moja. Jina la shule nalihifadhi, kwani niliyoyakuta hapo si ya shule hiyo peke yake, na msomaji atafaidika zaidi akijua la kuangalia kuliko akijua wa kulaumu. Madarasa yake nayapa alama nzuri, mafunzo yake ya wodini nayapa alama ya chini, na bei yake, ikipimwa kwa hayo ya wodini, ni kubwa mno.

Tuanze na uhalali, kwa sababu uchunguzi wa wazazi wengi huishia hapo. Nchini Uganda muuguzi hasajiliwi na shule aliyosomea bali na Baraza la Wauguzi na Wakunga, chombo kinachofanya kazi chini ya sheria ya mwaka 1996. Shule yenyewe inatakiwa kuwa na kibali cha Wizara ya Elimu na Michezo, ambayo ilikabidhiwa shule hizi mwaka 1998 kutoka Wizara ya Afya, kisha itambuliwe na Baraza, na wanafunzi wake waingizwe katika orodha ya Baraza wakiwa bado masomoni. Mitihani ya taifa haitungwi na shule. Kwa miaka mingi ilikuwa chini ya UNMEB, bodi ya mitihani ya wauguzi na wakunga, na baada ya sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2025 kazi hiyo ikahamia kwenye UHPAB, bodi mpya ya mitihani ya taaluma za afya. Kwa hiyo mwanafunzi wa shule ya kibiashara na mwenzake wa Nsambya au Mengo, shule za hospitali za misheni jijini Kampala, hukalia mtihani uleule na husajiliwa na Baraza lilelile. Shule hii ilinionyesha hati zake bila kusita, na nilipozilinganisha na orodha ya shule zinazotambuliwa nikalikuta jina lake. Hilo ni jambo jema, ingawa mkuu wa utawala alilirudia mara nyingi kana kwamba ni tuzo, ilhali ni sharti la chini kabisa la kufungua mlango.

Karo ni shilingi 1,450,000 kwa muhula. Kozi ya cheti huchukua miaka miwili na nusu, yaani mihula mitano, na hivyo karo peke yake inafika shilingi 7,250,000. Hosteli ni shilingi 600,000 kwa muhula, sawa na milioni tatu hadi mwisho wa kozi. Ukurasa wa mbele wa karatasi ya malipo unaishia hapo, na mzazi asiyeigeuza karatasi hiyo hatajua kwamba nyuma yake kuna sare, viatu, glavu, ada ya Baraza, ada ya mitihani ya bodi, ada inayolipwa hospitali wanafunzi wanapokwenda kujifunza kwa vitendo, na kitu kinachoitwa mchango wa maendeleo ambacho hakuna aliyeweza kunieleza ni maendeleo ya nani. Nilimwomba mhasibu anijumlishie yote tangu siku ya kuandikishwa hadi siku ya kuchukua matokeo. Kijana yule hakukasirika. Alichukua kikokotoo, akapiga hesabu mbele yangu mara mbili, tukafika milioni 12 na ushei. Namshukuru kwa uaminifu wake, lakini hesabu hiyo ilipaswa kuwa ukurasa wa kwanza.

Darasani sina manung'uniko makubwa. Mkuu wa taaluma ni sista mstaafu aliyetumikia hospitali za serikali kwa muda mrefu, na kila kizuri nilichokiona kilikuwa na mkono wake ndani. Katika chumba cha mazoezi alimwita msichana wa mwaka wa kwanza anipime presha. Binti aliniomba niketi nitulie kwanza, akahakikisha miguu yangu imekanyaga sakafu na mkono wangu umeegemea meza, akafunga kitambaa cha mashine juu ya kiwiko bila kukikaza kupita kiasi, kisha akapima mara mbili na kuandika vipimo vyote viwili. Nimewahi kupimwa presha katika kliniki za kulipia nikiwa nimesimama, nimevaa koti, na anayenipima akiongea kwa simu. Huyu alikuwa amefundishwa, na amefundishwa vizuri.

Hata hivyo chumba hichohicho kilikuwa na jambo lililonitia shaka. Juu ya kitanda kimoja kulikuwa na sanamu ya mwili wa binadamu ya kufanyia mazoezi, na kando yake mikono miwili ya plastiki ya kujifunzia kuchoma sindano. Mmoja ulikuwa umetobolewa mpaka ngozi yake imekuwa kama chujio. Wa pili ulikuwa bado ndani ya nailoni yake ya kiwandani, safi, haujaguswa. Nilipouliza kwa nini wanafunzi wanabanana kwenye mkono mmoja, msichana mwingine alinijibu kwa sauti ya kawaida tu kwamba ule mwingine hutolewa wakaguzi wanapokuja.

Shule haina hospitali yake. Hili si kosa kisheria, kwani shule nyingi za binafsi huandikiana mkataba na hospitali ya serikali au kituo cha afya cha ngazi ya nne, kilicho hatua moja chini ya hospitali, zikalipa kiasi fulani kwa kila mwanafunzi, na wanafunzi wakapelekwa kwa zamu. Ugumu ni kwamba hospitali moja hupokea wanafunzi wa shule kadhaa kwa wakati mmoja. Nilikwenda katika hospitali ambayo shule hii huwapeleka wanafunzi wake, nikiwa na jamaa wa kumtembelea, na nikakaa wodi ya wanaume asubuhi nzima. Sare za rangi ya waridi, za bluu na za maziwa zilikuwa nyingi kuliko wagonjwa. Muuguzi mmoja, mmoja tu, alikuwa akisafisha kidonda cha mguu wa mzee aliyegongwa na bodaboda. Alikuwa akieleza kila hatua kwa utulivu, lakini alizungukwa na duara la wanafunzi lililojaa kiasi kwamba waliosimama nyuma waliona migongo ya wenzao na walisikia kukohoa kwa mzee. Mwalimu kutoka shuleni hakuwapo. Wanafunzi wa shule hii walikuwa wawili wawili dirishani wakisubiri kuitwa, na sikuona aliyeitwa.

Baadaye niliomba kuona daftari la kumbukumbu za vitendo la mwanafunzi mmoja, lile ambalo kila kazi anayoifanya wodini huandikwa na kutiwa sahihi na muuguzi anayemsimamia. Kuna ukurasa wa kuweka dripu, wa kusafisha vidonda, wa kutoa dawa, wa kumgeuza mgonjwa asiyejiweza. Tarehe za kazi zilitofautiana kwa majuma, lakini sahihi zote za ukurasa mzima zilikuwa za mkono mmoja, kwa kalamu moja, bila hata kubadilika mshazari. Mwanafunzi aliona nimetambua. "Mzee, ukisubiri zamu yako muhula unaisha," akaniambia, "kwa hiyo sista akipata nafasi anatusainia kwa pamoja." Hakulisema kama siri. Alilisema kama mtu anayeeleza saa za kufungua kantini, na hapo ndipo nilipopata jibu langu kuhusu milioni 12. Bodi ya mitihani hupima kwa vitendo pia, ni kweli, lakini kazi iliyofanywa siku ya mtihani haiwezi kuziba miezi ya kusimama dirishani, na anayelipa gharama ya pengo hilo ni mgonjwa wa kwanza atakayekutana na muuguzi huyo akiwa peke yake usiku.

Kwa haki niongeze kwamba wanafunzi walewale walisifu sana majuma waliyopelekwa katika vituo vya afya vya ngazi ya tatu vijijini. Huko hawakuwa wengi, mkunga alikuwa na kazi nyingi na mikono michache, na kila mmoja alipima wajawazito, alichanja watoto na alishuhudia uzazi kwa karibu. Majuma hayo, kwa maelezo yao, yaliwafundisha kuliko muhula mzima wa hospitalini. Hospitali kubwa, kumbe, inapendeza kwenye kipeperushi cha shule kuliko inavyomfaa mwanafunzi. Mzazi anayechunguza shule ya aina hii aombe kuona ratiba ya zamu za wanafunzi: wanapelekwa wapi, wangapi kwa zamu moja, na ni mwalimu gani anayefuatana nao. Shule yenye majibu huyatoa papo hapo.

Walimu wa kudumu ni wachache. Wengi ni wauguzi walioajiriwa kwingine ambao huja kufundisha kwa saa, na vipindi huhamishwa hadi Jumamosi wanapobanwa kazini.

Ulinganifu unaofaa ni na shule za misheni, ambazo nyingi zilizaliwa ndani ya hospitali. Lacor huko Gulu, Kuluva karibu na Arua, Kagando huko Kasese, Matany huko Karamoja: hapo mwanafunzi huamka, huvaa sare na kutembea hatua chache mpaka wodini, na sista anayemfundisha darasani anaweza kuwa yuleyule atakayemkaripia kando ya kitanda cha mgonjwa. Karo zao si za bure, nidhamu yao huwachosha vijana, usaili ni mkali na nafasi huisha upesi. Shule za serikali nazo huombwa na wengi kuliko zinavyoweza kupokea, na wanafunzi wake hugombea wagonjwa na haohao wa shule za kibiashara. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba shule za binafsi hazina maana. Zimeota mahali ambapo pengo lilikuwapo, na binti anayekaa nyumbani akisubiri nafasi mwaka baada ya mwaka hupoteza kitu ambacho hakimo katika karatasi ya malipo.

Kuhusu kazi baada ya masomo, shule hii inaahidi mengi kwa kudokeza. Ajira za serikali hupitia tume za utumishi za wilaya na waombaji ni wengi, hivyo wahitimu wengi wa cheti huanzia kliniki za watu. Mmoja wao, aliyesoma hapo, aliniambia analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi na chakula cha mchana. Kwa mshahara huo, gharama ya kozi ni mapato ya miezi 40 bila kununua hata sabuni. Kipeperushi kinaonyesha ndege ikipaa na maneno kuhusu nafasi za Uingereza. Ukweli ni kwamba Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ya nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na Uingereza, kwa kanuni zake yenyewe, huwazuia waajiri na mawakala kwenda kusaka wahudumu katika nchi hizo. Muuguzi anaweza kuomba mwenyewe kwa juhudi zake, lakini atapimwa lugha na taaluma upya, na cheti cha ngazi ya chini hakimfikishi mbali. Shule inayoweka picha ya ndege mbele ya mtoto wa kidato cha nne inajua mambo hayo, au inapaswa kuyajua.

Je, kuna mtu ambaye ningemshauri aende? Yupo. Muuguzi mwenye cheti na leseni, ambaye tayari anafanya kazi na anataka kujiendeleza hadi diploma kwa mwaka mmoja na nusu, atapata hapo mwalimu mkuu hodari, maandalizi mazuri ya mitihani na ratiba inayoelewa kwamba mtu ana kazi. Wodi anayo tayari. Anachonunua ni darasa, na darasa la shule hii lina thamani. Kwa mpwa wangu mambo ni kinyume chake, kwani yeye hajawahi kumshika mgonjwa, na kitu anachokihitaji kuliko vyote ndicho ambacho shule hii inakodi kwa wengine na kukigawa kwa uchache.

Nimeiandikia shule nikiomba mambo matatu kwa maandishi: jumla ya gharama zote bila nyongeza, ratiba ya zamu za mwaka wa kwanza ikiwa na vituo vya vijijini, na mwalimu wa shule kuwapo wodini pamoja na wanafunzi. Mawili ya kwanza walinipa, na ratiba hiyo ni nzuri kuliko nilivyotarajia. La tatu walijibu kwamba litaangaliwa. Wanadai amana ya shilingi 500,000 isiyorudishwa ili nafasi isipewe mwingine, lakini sista mkuu amekubali kuihamishia nafasi hiyo kwenye mapokezi yajayo bila fomu mpya. Mpwa wangu amekwisha kupeleka maombi katika shule mbili zenye hospitali zake na anajiandaa kwa usaili. Amana nitailipa iwapo zote mbili zitamkataa na jibu la tatu likaja likiwa na jina la mwalimu.