Vipele vya ndevu na asidi ya glikoliki: uzoefu wangu

Wanaume wenzangu wenye ndevu za kipilipili mnanielewa. Unatoka saluni shingo inang'aa, kesho yake asubuhi chini ya kidevu pameshaota vipele, na vikipona vinaacha madoa meusi yanayodumu kuliko vipele vyenyewe. Dawa yangu ilikuwa ile ya wote: spiriti anayopaka kinyozi mpaka unafumba macho, halafu skrabu ya chembechembe, unasuguliwa uso huku umelaza kichwa kwenye kiti. Unanyanyuka uso laini, sikatai. Vipele viko palepale.

Kilichonisaidia ni tona (maji ya kupaka usoni baada ya kunawa) ya kampuni ya The Ordinary, yenye asidi ya glikoliki asilimia 7, ile chupa ya mililita 240.

Tatizo la ndevu zetu ni kwamba unywele uliojikunja, ukikatwa karibu sana na ngozi, unabaki na ncha kali. Ukianza kuota unajipinda na kuichoma ngozi tena, au unanasa chini kabisa kwa sababu tundu limezibwa na ngozi iliyokufa. Skrabu inakwangua juu juu tu, na ikipita kwenye kipele kilichovimba inakitonesha. Asidi haikwangui. Inalegeza kile kinachozishikanisha seli zilizokufa, zinaachia zenyewe, na unywele unapata njia ya kutokea. Katika asidi za kundi la AHA, yaani hizi za kulegeza ngozi iliyokufa, glikoliki ndiyo yenye molekuli ndogo kuliko zote, kwa hiyo inapenya upesi, na ndiyo maana inachonyota kuliko laktiki, ile asidi ya kwenye mtindi. Ngozi yako ikiwa nyepesi kudhurika, anza na laktiki.

Matumizi yangu ni haya. Usiku naosha uso, naukausha, namimina kidogo kwenye pamba na kuipitisha shingoni na mashavuni. Sisuuzi. Inachonyota kidogo, inatulia, kisha napaka losheni isiyo na manukato. Siku ya kunyoa siigusi, wala siku inayofuata, maana ngozi iliyotoka kupitiwa na wembe ukiimwagia asidi utajuta. Maelezo ya chupa yanaruhusu mara moja kwa siku, lakini mimi mara mbili au tatu kwa wiki zinanitosha.

Ulaini niliuona mapema. Vipele vipya vilichelewa kidogo kupungua, lakini vilipungua kweli. Sasa vikitokea ni viwili vitatu, tena vidogo. Madoa ndiyo yanataka subira ya miezi. Ngozi hujibadilisha polepole, takriban mwezi kwa mzunguko mmoja kwa kijana, na hakuna chupa itakayoiharakisha sana. Vile vinundu vigumu vya kisogoni havikutikisika hata kidogo. Hivyo ni vya kumpelekea daktari wa ngozi.

Madoa yalipoanza kufifia mke wangu akanitazama kwa jicho la pembeni: "Baba Jamila, umeanza mkorogo?" Swali la haki kabisa, kwa mji huu. Lakini mkorogo ni habari nyingine: ule mara nyingi una hidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi Tanzania, na kazi yake ni kuua rangi yako. Glikoliki inaondoa tabaka la juu lililobaki na doa, unarudia rangi uliyozaliwa nayo. Ila ukiizidisha mpaka ngozi ikaungua, kwa sisi weusi utapata madoa mapya mabaya kuliko yale uliyokuwa unayakimbia.

Na kuna jua. Asidi za AHA zinaifanya ngozi iungue haraka, na hali hiyo inaendelea siku kadhaa hata baada ya kuacha. Kwa hiyo kila asubuhi ni losheni ya kuzuia jua, yenye SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, hata kama safari yenyewe ni ya bodaboda mpaka stendi. Hapa ndipo gharama inapoongezeka. Nyingi zinatuacha weupe kama tumetoka kinu cha unga. Tafuta za jeli, zinapotea kwenye ngozi. Kama bajeti haifiki vyote viwili, nunua ya jua kwanza, asidi isubiri.

Chupa ni kubwa na haiishi upesi, kwa hiyo usiku mwingine napitisha kidogo kwapani. Harufu inapungua, siwadanganyi. Msijaribu siku mliyonyoa huko.

Mwenye uso wa mafuta na vidoa vyeusi vya kuziba puani asichukue hii. Atafute asidi ya salisiliki asilimia 2, kwa sababu inayeyuka kwenye mafuta na inaingia ndani ya kitundu chenyewe. Asiyeivumilia aspirini aipitie mbali, au amuulize mfamasia kwanza.