Ste. Genevieve, Missouri: mji nimeupenda, ila ile gesti jamani

Nyota moja. Nasema mapema kabisa ili anayetafuta pa kulala asipoteze muda. Na hiyo moja ni ya godoro, godoro lilikuwa zuri, mengine yote sina hamu nayo.

Mimi naishi St. Louis muda sasa, bi mkubwa alikuja kututembelea kutoka Tanga, na kila siku tunamzungusha madukani mpaka akachoka, akasema mwanangu huku kwenu hakuna hata mji wenye nyumba za zamani? Nikakumbuka Ste. Genevieve, ni saa moja na ushee ukishuka kusini na barabara ya 55. Ndio makazi ya kwanza ya kudumu ya Wazungu kwenye jimbo zima la Missouri, waliyaanzisha Wafaransa, wengi wenye asili ya Canada, karne ya 18 huko, na nyumba zao nyingine zimesimama mpaka leo. Nikabuku gesti, zile nyumba za kizamani unalala na asubuhi unapewa chai, nikalipa yote, na nikawaandikia kabisa kwamba nina mzee, tukifika mchana anaweza kupumzika kidogo? Wakajibu karibuni. Meseji ninayo.

Tumefika jua la utosi, miezi ile ya joto, na joto la bonde la Mississippi wanaoishi huku wanalijua, linakukaba. Nyumba ina baraza pana mbele, ina viti vya kubembea, bi mkubwa akakaa maana miguu yake inavimba akikaa sana kwenye gari. Nikagonga. Akatoka mama mmoja, salamu hakuna, akaangalia gari, akamwangalia mzee na khanga yake, akasema baraza ni ya wageni wa nyumba. Nikamwambia sisi ndio wageni, jina hili hapa. Akasema kuingia ni saa kumi. Nikampa simu asome meseji, akasoma, akasema hiyo hajaandika yeye. Sasa kama si yeye ni nani, na jina la gesti yake liko juu pale! Nikajishusha, nikaomba basi mzee abaki hapohapo nje tu, na kama inawezekana apate glasi ya maji. Akanyoosha kidole ng'ambo ya barabara, pale dukani wanauza maji. Akafunga mlango.

Maji jamani! Mtu mzima wa umri wa mama yake, yuko barazani, kalipiwa, wewe unamwonyesha duka? Kwetu hata mtu aliyekuja kukudai anapewa maji kwanza ndio mnaanza kugombana. Na kilichonimaliza, hatujafika hata kwenye gari ikaingia gari nyingine, mume na mke Wazungu na mabegi yao, mlango ukafunguliwa, nikasikia kwa masikio yangu anawaambia ingieni ndani nje kuna joto. Saa kumi haijafika hata kidogo. Nilitaka kurudi nimpe yake, bi mkubwa akanishika mkono, achana naye mwanangu, twende tukaone tulichokuja kuona. Yaani aliyefukuzwa ni yeye na anayenituliza ni yeye, hapo ndio nilizidi kuumia.

Sasa hizo nyota zinaanza kunichanganya hapa, maana tulienda nyumba ya Amoureux, ya miaka ya 1790, iko St. Mary's Road pembeni kidogo ya mji, na siku hizi iko chini ya hifadhi ya taifa. Wale Wafaransa walikuwa wanazika magogo wima ardhini, moja pembeni ya lingine, halafu mianya wanaijaza udongo. Za namna hiyo zimebaki za kuhesabu Amerika ya Kaskazini yote, na tatu ziko mji huu mmoja. Ile nyumba ya Bolduc, nyingine ya zamani ya hapohapo mjini, ni tofauti, magogo yake hayakuzikwa, yamekaa juu ya msingi. Bi mkubwa Kiingereza hajui, lakini kijana wa hifadhi alipoanza kueleza mzee akasogea mpaka ukutani, akainama, akaangalia nguzo, akaangalia udongo, akasema "hii wamekandika." Akaniambia muulize mchwa waliuzuiaje. Kijana akachangamka, akasema mti ni mwerezi, hauozi upesi na wadudu hawaupendi. Mzee akasema kumbe sawa na boriti zetu za mikoko, nikatafsiri, kijana akataka kujua mikoko inakatwaje, inaloa maji ya chumvi au hapana, wakaendelea hivyo mimi katikati natafsiri mpaka koo likakauka. Sijamwona bi mkubwa na furaha ile tangu ashuke kwenye ndege.

Na humo ndani aliishi Pélagie Amoureux, mwanamke mweusi aliyezaliwa mtumwa akaja kuwa huru, na mumewe Benjamin ambaye ni Mzungu, wakawa na duka. Wafaransa hao tunaosifia nyumba zao walikuwa na watumwa, shambani, kwenye chumvi, kwenye migodi ya madini ya risasi, na kijana alilisema wazi bila kuzungusha, nampa heshima yake. Ila nikapandwa na hasira upya. Mama mweusi alikuwa na duka lake hapa karne ya 19, leo mama yangu ananyimwa kiti cha barazani!

Lakini siwezi kuwaweka wote kapu moja. Mgahawani dada wa kuhudumia alileta maji ya barafu hata hatujakaa vizuri. Na hawa ni watu ambao mji wao wa kwanza ulizama kwenye mafuriko ya 1785 wakahamia juu, na 1993 mto ukarudi, wakapanga viroba vya mchanga kuzuia maji. Kwa hiyo mji nyota tano, nimebadilisha, tano kabisa. Gesti tulilala kwa sababu hela ilishaingia, saa kumi akatupa ufunguo bila pole, na nilipoandika kudai hela yangu nimejibiwa utaratibu wa kuingia ni saa kumi.

Bi mkubwa anataka kurudi akaone nyumba nyingine, mimi moyo haujapoa ila nitampeleka. Mkienda nendeni asubuhi mrudi jioni. Mkilazimika kulala na mna mzee, pigeni simu muulize atakaa wapi kabla ya saa kumi, mkisikia mtu anasitasita, tafuteni moteli huko karibu na barabara kuu.